Simu Ililia kwa Kiingereza

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya Desemba 11, 2021, watu wa Bowling Green, mji wa kusini mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, walikuwa wamelala, simu zao kando ya mito. Ilipokaribia saa saba na robo zikalia. Haukuwa mlio wa kupigiwa, ni ule mkali wa dharura unaokitetemesha kifaa kizima. Ujumbe wa namna hii hutolewa na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo, na maneno yake ni yaleyale mwaka hadi mwaka: kuna tonado katika eneo hili hadi saa fulani, jikinge sasa hivi katika chumba cha chini ya ardhi, au chumba cha katikati kwenye sakafu ya chini kabisa ya jengo imara, kama uko nje, garini au katika nyumba ya kuhamishika, nenda kwenye jengo madhubuti lililo karibu ujikinge na vitu vinavyorushwa. Mimi nimeyaeleza kwa Kiswahili. Kwenye simu yalikuwa kwa Kiingereza, au Kihispania kwa yule aliyeiweka simu yake hivyo.

Tonado ilipita mjini kwa dakika chache. Katika kaunti ile ya Warren walikufa watu 17, wakiwamo watoto, na wengi wa marehemu walikuwa majirani wa mtaa mmoja. Familia moja ilipoteza watu saba. Baadhi ya waliokufa walitoka katika nyumba za Wabosnia, watu waliokimbia vita vya miaka ya 1990, wakavuka bahari, wakajenga upya maisha mahali walipoambiwa kuna amani.

Bowling Green ni mji wa wakimbizi. Kwa zaidi ya miaka 40 umepokea watu wa kila upande: kwanza wa Asia ya kusini mashariki, kisha Wabosnia, Waburma, na katika miaka ya karibuni Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, wakiwamo waliopitia kambi za Afrika Mashariki. Kwa hiyo habari ya usiku ule si ya ugenini kabisa kwa msomaji wa Kigoma au Uvira. Kuna mtu wake kule.

Sisemi kwamba Kiingereza ndicho kilichoua. Wengi wa waliokufa walikijua vizuri, na upepo unaong'oa nyumba kwenye msingi haumuulizi mtu lugha. Lakini nimekuwa nikisoma habari za tonado kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapofuatilia kwa nini mahali fulani wamekufa wengi na mahali pengine wachache, nakuta kitu kimoja kimesimama kati ya upepo na watu: neno. Neno lililofika au lisilofika, lililoeleweka au lililopotea njiani.

Chukua huo ujumbe wa simu. Mpe mama aliyekulia Nyarugusu, kambi iliyopo Kasulu tangu mwaka 1996, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye paa la nyasi au turubai. Chumba cha chini ya ardhi ni kitu gani kwake? Nyumba zetu hazina tumbo. Halafu hicho chumba cha katikati: ukikitafsiri haraka utasema "chumba cha ndani", na chumba cha ndani kwa Mswahili ni chumba cha kulala. Huko ndiko hasa asikotakiwa kwenda, maana chumba cha kulala cha nyumba ya Kimarekani kina dirisha kubwa linalotazama nje, na kioo kikivunjika huwa kisu. Kinachotakiwa ni mahali pasipo na ukuta unaogusa nje: bafu, stoo, kabati la nguo la kuingilia, korido. Mama huyu akilifuata neno kwa utii wote, litampeleka dirishani.

Tena katika nyumba nyingi za wakimbizi mkalimani ni mtoto. Yeye ndiye aliyeshika Kiingereza mapema shuleni, yeye husoma barua za shule, bili ya umeme, karatasi za hospitali. Saa saba usiku mkalimani amelala.

Na jambo lenyewe tunaliitaje? Tuna maneno mazuri. Kisulisuli, au chamchela: ule upepo wa kiangazi unaojisokota uwanjani ukibeba vumbi, majani makavu na mifuko, tulioambiwa utotoni kwamba ndani yake mna pepo na tusiupite katikati. Lakini kisulisuli huzaliwa na joto la ardhi chini ya jua kali. Kinainuka kutoka chini, kinakufa baada ya dakika moja au mbili, na madhara yake makubwa ni kanga kuanguka kutoka kwenye kamba. Tufani ni la mabaharia. Vyombo vyetu vya habari vimechagua kimbunga, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kimbunga masikioni mwetu ni Idai iliyoivunja Beira mwaka 2019, ni Hidaya iliyofika kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024. Hivyo ni vimbunga vya baharini. Vinapewa jina, vinafuatwa na setilaiti kwa siku kadhaa, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa asubuhi na jioni, wavuvi wanaambiwa wapandishe vyombo. Aliyezoea kusikia neno kimbunga amezoea kupewa siku. Tonado inatoa dakika kumi, ikiwa na huruma kumi na tano. Ndiyo maana ninaliacha neno hilo la kigeni lilivyo, nikiliandika kwa herufi zetu.

Tonado hushuka kutoka juu. Katika majimbo ya kati na kusini mwa Marekani, hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na juu yake hupita hewa kavu na baridi inayotoka upande wa milima ya Rocky. Joto la chini linataka kupanda. Zaidi ya hapo, upepo wa juu unakwenda kasi kuliko wa chini na kwa uelekeo mwingine, hivyo hewa iliyo katikati inabiringika kama gogo linalosukumwa sakafuni. Hewa inayopanda ikilinyanyua gogo hilo na kulisimamisha wima, wingu zima linaanza kuzunguka. Mawingu mengi ya namna hiyo hayazai kitu zaidi ya mvua ya mawe. Machache huteremsha mkonga hadi ardhini, na nchi ile huhesabu tonado zipatazo 1,200 kila mwaka. Sisi wa karibu na ikweta tuna joto na unyevu wa kutosha, lakini upepo wa juu wenye kasi ya kutofautiana hivyo hatuna, na huo ndio unaotuepusha. Afrika Kusini haiepuki. Desemba 1998 tonado ilipiga mji wa Umtata wakati Rais Nelson Mandela yumo ndani ya duka la dawa. Walinzi wake walimlaza na kumfunika kwa miili yao. Yeye alitoka salama. Wengine mjini hawakutoka.

Kisa ambacho hakinitoki kichwani ni cha Saragosa. Ni kijiji cha jangwani magharibi mwa Texas, ambacho mwaka 1987 kilikuwa na watu kama 400, karibu wote wenye asili ya Meksiko na wasemaji wa Kihispania. Jioni ya Mei 22 watu walikusanyika katika ukumbi wa kanisa Katoliki kusherehekea watoto wa umri wa miaka minne waliokuwa wakimaliza masomo ya awali. Wazazi, bibi na babu, wajomba, keki. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imekwisha kuliona wingu lile na kutoa onyo kupitia redio na televisheni za eneo hilo. Lakini watu wengi wa Saragosa walikuwa wakifuata televisheni ya Kihispania iliyorushwa kutoka mbali, na hiyo haikuwa na habari yoyote ya mawingu ya Texas magharibi. Saa mbili na robo usiku hivi, tonado ikakifuta kijiji. Walikufa watu 30. Kati yao 22 walifia ukumbini, na taarifa za wakati ule zinaeleza juu ya wazazi waliokutwa wamewalalia watoto wao.

Watafiti walikwenda baadaye kuuliza kilichotokea. Walikuta jambo la pili, dogo, ambalo mtu asiyeishi kati ya lugha mbili asingeliona. Hata pale onyo lilipotafsiriwa, neno lililotumika lilikuwa aviso. Kwa Kihispania cha pale aviso ni taarifa, ni tangazo. Hata tangazo la biashara huitwa hivyo. Neno la kumnyanyua mtu kitini lilikuwapo, alarma, lakini halikutumika. Mtu anaposikia kuna tangazo, hukaa asikilize litakaloendelea.

Sisi tuna tatizo hilohilo, na ni vyema tulikubali. Wamarekani wana ngazi mbili: ya kwanza inasema hali ya hewa inaweza kuzaa tonado leo, kaa macho, ya pili inasema tonado imeonekana, au rada imeona wingu likizunguka, jifiche. Wenyewe, na Kiingereza chao cha kuzaliwa nacho, huzichanganya. Ukifungua kamusi zetu utaona zote mbili zinaweza kuwa "onyo" au "tahadhari". Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imejitahidi kuzipanga ngazi zake kuwa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na mpangilio huo ni mzuri kwa mvua inayotabiriwa kesho. Lakini "tahadhari kubwa" bado ni jina la kitu, halimwambii mtu afanye nini na miguu yake. Mama wa Kiswahili anapoona nyoka karibu na mtoto hasemi "tahadhari kubwa". Anapiga kelele: ondoka!

Hata hivyo, kuelewa lugha peke yake hakutoshi. Joplin, mji wa watu 50,000 hivi huko Missouri, ulikielewa Kiingereza vizuri sana. Jumapili ya Mei 22, 2011, miaka 24 kamili baada ya Saragosa, ving'ora vililia saa kumi na moja na dakika kumi na moja jioni. Tonado ilishika ardhi saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Dakika zaidi ya ishirini: kwa kipimo cha janga hili, ni muda wa kifalme. Na bado walikufa watu 158 kwa pigo lenyewe, na wengine baadaye kwa sababu zinazohusiana nalo. Wachunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia waliohoji manusura walikuta kwamba wengi, baada ya kusikia king'ora, walifanya mambo ya kibinadamu kabisa. Waliwasha televisheni, walimpigia ndugu simu, walitoka barazani kutazama angani, wakasubiri king'ora cha pili. King'ora cha kwanza kilikuwa kimelia mara nyingi mno huko nyuma bila kitu kutokea. Nchini kote, maonyo kama saba katika kila kumi huisha bila tonado kugusa ardhi. Neno linalorudiwa bila tukio huchakaa kama noti iliyopita mikono mingi.

Joplin inafundisha pia kwamba hesabu ya wafu haifungwi siku ileile. Tonado iliipitia hospitali ya St. John's, ikapasua madirisha yote, ikakata umeme na jenereta, na wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine wakakosa pumzi. Picha za eksirei kutoka hospitalini ziliokotwa kaunti za mbali, kilomita zaidi ya mia moja. Kisha, siku kadhaa baadaye, madaktari wakaona vidonda visivyopona. Upepo ulikuwa umewapigilia watu udongo, vijiti na vumbi la mbao ndani ya nyama, na pamoja navyo kuvu wa kawaida wa ardhini, wale ambao mtu mzima mwenye afya huwakanyaga kila siku bila habari. Waliambukizwa watu 13. Watano wakafa.

Lakini nani anaweza kuilaumu Joplin kwa kusubiri, ukikumbuka kwamba kuna wakati neno lenyewe lilipigwa marufuku? Miaka ya 1880 ofisa wa jeshi, John Park Finley, alianza kukusanya kumbukumbu za tonado na kujaribu kuzitabiri. Wakuu wake wakaingiwa na hofu. Waliona kuwa kutaja tonado kutawatia watu kiwewe, na kiwewe kitaua kuliko upepo. Nadhani pia walihofia kukosea hadharani. Kuanzia mwaka 1887 neno hilo likaondolewa katika utabiri wa serikali, na likakaa nje kwa takriban nusu karne.

Ndani ya ukimya huo ndimo ilimoingia Machi 18, 1925. Tonado iliyoanzia Missouri saa saba mchana ilikwenda kilomita 352 bila kukatika, ikavuka kusini mwa Illinois, ikaishia Indiana saa kumi na nusu. Ilikimbia kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani. Walionusurika walisema hawakuona mkonga wowote. Waliona ukungu mweusi uliolala ardhini, wakadhani ni mvua. Watu 695 walikufa. Katika mji wa Murphysboro pekee walikufa 234. Huko De Soto shule iliwaangukia wanafunzi, wakafa 33. Na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Ilipoivunja Murphysboro ilikuwa imekwisha kuua Missouri, lakini mji mmoja haukuuonya mwingine, kwa sababu nguzo za simu zilianguka pamoja na nyumba na kwa sababu hakuna ofisi iliyokuwa na ruhusa ya kulitamka jina lake.

Huko West Frankfort wanaume walikuwa chini, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Umeme ukakatika, wakapanda juu wenyewe kwa shida. Walikuwa wamezoea kwamba wao ndio huaga nyumbani kila asubuhi kama watu wasio na hakika ya kurudi. Siku ile shimo liliwahifadhi, na waliokufa walikuwa wake zao na watoto waliobaki juu.

Kifungo cha neno kilifunguliwa mwaka 1938, ila watu waliendelea kuogopa kulitumia. Lililothubutu lilikuwa jeshi tena. Machi 20, 1948, tonado ilipiga kambi ya ndege za kijeshi ya Tinker, Oklahoma, ikavunja ndege nyingi. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaamriwa watafute kama kulikuwa na dalili ambazo mtu angeweza kuziona mapema. Walichimba ramani za zamani usiku na mchana. Siku tano baadaye, Machi 25, wakaamka na kuiona ramani ya asubuhi ikifanana na ile ya tarehe 20 kama pacha. Kusema au kutosema? Kuna uwezekano gani wa tonado mbili kupiga uwanja uleule ndani ya wiki moja? Wakasema. Ndege zikaingizwa mahangani, watu wakaondolewa kwenye hatari. Jioni ile tonado ikapita katikati ya kambi. Hakuna aliyekufa.

Matunda ya kusema yanaonekana katika takwimu. Juni 1953 tonado moja iliua watu 116 huko Flint, Michigan. Baada ya hapo zilipita karibu miaka 58 bila tonado moja ya Marekani kufikisha wafu 100, licha ya miji kutanuka na watu kuongezeka. Rada, redio, king'ora, simu. Iliyovunja mfululizo huo ni Joplin.

Neno likishafika, linahitaji mahali pa kumpeleka mtu. Na hapa inabidi kumtaja Tetsuya Fujita. Alikuwa mwalimu kijana wa fizikia karibu na Kokura, mji uliokuwa umelengwa kupigwa bomu la atomiki Agosti 9, 1945. Anga ya Kokura ilikuwa imefunikwa, rubani akageuza, bomu likaangukia Nagasaki. Fujita alikwenda baadaye kuyapima mabaki ya Nagasaki na Hiroshima, akisoma miti iliyolala na kuta zilizoungua ili ajue mlipuko ulitokea urefu gani juu ya ardhi. Miaka ya 1950 akahamia Chicago, na jicho lile akalipeleka kwenye tonado. Mwaka 1971 akatoa kipimo chake cha ngazi kuanzia sifuri hadi tano, ambacho bado kinatumika kwa marekebisho. Wengi hudhani ni kipimo cha upepo. Kwa kweli ni kipimo cha nyumba. Hakuna anayesimama katikati ya tonado na kifaa mkononi. Wataalamu huja kesho yake, huangalia paa limekwenda wapi, ukuta upi umesimama, boriti zilifungwa kwa kitu gani, na kutoka hapo wanakisia kasi.

Kwa hiyo orodha ya wafu nayo ni orodha ya nyumba. Nyumba za kuhamishika, zile za bei nafuu zinazoletwa kwa lori na kuwekwa juu ya matofali, ni chini ya asilimia 10 ya makazi ya Marekani, lakini ndimo wanamofia karibu nusu ya wanaouawa na tonado wakiwa nyumbani. Maskini wa kusini wanaishi humo, na kusini ndiko tonado hupiga sana usiku, zimejificha nyuma ya vilima na miti. Saa chache kabla ya Bowling Green, mfumo uleule wa mawingu ulikuwa umeisaga Mayfield, upande wa magharibi wa Kentucky. Tonado ile ilikwenda zaidi ya kilomita 260 na kuua watu 57. Tisa walikuwa katika kiwanda cha mishumaa ambako wafanyakazi wapatao 110 walikuwa zamu ya usiku kwa ajili ya maagizo ya Krismasi, wakiwamo wafungwa waliopelekwa kufanya kazi. Askari aliyewasimamia alikufa. Baadhi ya wafanyakazi walisema waliomba kuondoka baada ya onyo la kwanza wakaambiwa watafukuzwa kazi. Kampuni ilikanusha. Mimi nabaki na swali la mtu wa mshahara wa saa: simu imelia mfukoni, neno umelielewa, na aliye juu yako anakutazama.

Ukitaka kuona mahali ambapo vyote vilikosekana pamoja, neno na nyumba, nenda Bangladesh. Aprili 26, 1989, baada ya miezi ya ukame, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu jioni, tonado ilipita Daulatpur na Saturia katika wilaya ya Manikganj. Inakadiriwa waliuawa watu 1,300 na kujeruhiwa 12,000. Wengine 80,000 wakabaki bila makazi. Haijawahi kuandikwa tonado iliyoua zaidi. Nyumba zilikuwa za mianzi, udongo na bati. Msomaji wa hapa anajua bati likiachia misumari kwenye upepo huwa nini. Hakukuwa na king'ora, na hata kingekuwapo, mtu angekimbilia wapi? Nashangaa jinsi janga hilo lisivyotajwa katika mazungumzo ya dunia. Kila mtu ameona picha za Oklahoma. Ni wachache walioona za Saturia.

Na kwenye nchi yenye kila kitu, neno bado linaweza kukwama kwenye kidole cha mtu mmoja. Mei 16, 2025, tonado iliingia mji wa St. Louis mchana kweupe na kuua watu wanne. Rada iliiona, onyo lilitolewa, simu zililia. Ving'ora vya jiji havikulia, kwa sababu waliohusika kubonyeza walikuwa nje ya ofisi zao, na haikuwa wazi kati yao ni nani wa kubonyeza.

Sasa turudi kwa mama wa Nyarugusu. Mwaka 2023 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni za kuandaa ujumbe wa dharura wa simu katika lugha 13 zaidi ya Kiingereza, zile zinazosemwa na watu wengi zaidi nchini humo. Kiarabu kimo, Kivietnamu, Kikrioli cha Haiti, Kireno, Kifaransa. Kiswahili hakimo. Atakayesema Wakongomani watasoma Kifaransa hajakaa nao: Kifaransa ni cha aliyekaa darasani, na kambini wengi walikua na Kiswahili pamoja na Kibembe au Kinyamulenge. Mpaka Tume ibadilishe orodha, kazi imebaki kwa wachungaji, walimu na vikundi vya WhatsApp. Hao wanaweza kuandika ujumbe wao mapema, ukakaa tayari kabla ya msimu. Nafasi kwenye simu ni herufi 360. Nimejaribu:

TONADO INAKUJA HAPA SASA HIVI. Mna dakika chache tu. Shukeni chini kabisa ya nyumba. Kaeni bafuni au stoo, pasipo na dirisha, mfunge mlango. Jifunikeni vichwa kwa godoro au mablanketi. Msitoke kuangalia. Aliye kwenye treila au gari aende jengo imara lililo karibu.

Nafasi inabaki. Nimebishana na wenzangu juu ya treila, maana si Kiswahili cha vitabu. Lakini ndivyo waishio humo wanavyoiita. Mmoja alitaka "bafuni" iwe "chooni" kwa kuwa mtu wa Fizi ataifahamu haraka. Mwingine akakumbusha kwamba choo cha kambini kiko nje, ng'ambo ya uwanja, na kwamba saa saba usiku mtu aliyeshtuka usingizini anaweza kusikia "chooni" akafungua mlango wa nje. Tumeacha bafuni. Tumeacha pia wingi, shukeni, kaeni, jifunikeni, kwa sababu usiku ule mama hatakuwa peke yake. Pembeni yake amelala yule mtoto anayemsomea barua. Amwamshe, ndiyo, lakini ili ambebe kwenda bafuni, asimwamshe ili amsomee simu.